Kocha Aliyeliogopa Benchi

Juzi nilipokea habari kutoka Guangzhou kwamba kocha mmoja wa mpira wa magongo, Mkenya mwenzangu, amefariki, na tangu hapo sina raha. Aliyenipigia simu ni beki wa kike, Mchina, ambaye kocha huyo alimkuza mwenyewe. Wacha niwasimulie habari zao wawili, maana bila beki huyo hamtamwelewa marehemu.

Tulifahamiana miaka ile biashara iliponoga, kabla sijawa mwandishi wa habari, nikishinda soko la Shisanhang kununua nguo za kuleta nyumbani, na jioni tukikutana katika mkahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu. Yeye alikwenda kwa ufadhili wa masomo ya michezo, akaishia kuwa kocha msaidizi wa timu ya kulipwa ya wanawake, kazi yake kulea chipukizi na kupanga mabeki. Alikuwa na desturi moja ya ajabu: chipukizi alimkabidhi kwa mchezaji yule yule ambaye chipukizi huyo angekuja kumrithi nafasi. Walikaa chumba kimoja, wakafanya mazoezi pamoja, na siku ya mechi chipukizi akarudi kikosi cha vijana akacheze, asiozee benchi. Sisi wafanyabiashara, tuliofichana hata mlango wa kiwanda, tulimcheka sana.

Siku alipomwingiza uwanjani beki huyo aliyenipigia simu, wakati huo bado chipukizi, mkongwe aliyekaa naye akiuguza goti, nilikuwa jukwaani nikimshangilia kana kwamba ni mwanangu. Dakika za mwisho binti akaukosa mpira, wakafungwa. Tajiri wa timu, ambaye wote walimwita laoban, akataka binti aondolewe kikosini, na ilieleweka kwamba kocha akibisha, mkataba wake na kibali cha kuishi viko mashakani. Jioni hiyo mkahawani kocha hakugusa chakula. Nilimsihi amtoe, ajiokoe mwenyewe kwanza.

"Buda, nikimtoa saa hii," akanijibu, "maisha yake yote ataangalia benchi kabla ya kuangalia mpira. Kosa moja haliachi mke, sembuse beki."

Wiki iliyofuata akampanga tangu mwanzo. Mkongwe alisimama kando ya uwanja akimwelekeza kwa mkono, nami nusu ya mechi niliitazama miguu yangu kwa kuogopa kuona bao. Hawakufungwa. Hata hivyo laoban hakusahau kubishiwa, na mkataba wa kocha haukuongezwa. Akahamia shule moja kufundisha watoto, lakini binti amebaki kwenye nafasi ile hadi leo.

Katika simu ya juzi, kwa Kiingereza cha kuokoteza, beki huyo aliniambia goti lake nalo limeanza kumsumbua. Anakaa chumba kimoja na msichana atakayemrithi. Msichana huyo aliifungisha timu bao Jumamosi iliyopita, na wakubwa wa timu wamekasirika.

Baada ya simu hiyo nilikiangalia chumba chetu cha habari, ambako kijana akiharibu habari moja hatumpi nyingine, na hofu ikanishika. Sisi tukiondoka, nani atajua pa kusimama? Kabla hatujaagana kwenye simu nilikuwa nimemuuliza beki yule watamfanyaje msichana wao. Akasema, "Jumamosi hii anaanza yeye."