Biskuti Zenye Majivu

Harufu ya siagi na iliki ikitoka kwenye oveni yangu ya umeme, narudi jikoni kwetu Maisaka, Jumamosi moja kabla ya Krismasi. Mama alikata biskuti kwa mdomo wa glasi, akazipanga ndani ya sufuria, moto chini, makaa mengine juu ya kifuniko. Sheria yake tuliijua: zilizotoka safi ni za majirani na wageni, zilizoangukiwa na majivu ni zetu.

Baba hakuwa na subira. "Ngoja nione kama zimeiva," alisema, akainua kifuniko, majivu yakamwagika.

"Umeharibu tena. Sasa wageni nitawapa nini?"

Sisi watoto tulizipuliza, tukazila zingali za moto, majivu yakikwaruza meno.

Mama akamfukuza baba jikoni. Sufuria ya pili ikatoka safi, ya tatu pia. Sahani za majirani zikajaa, zikafunikwa vitambaa, nasi tukabaki tunazitazama tu.

Sufuria ya mwisho ilipoanza kunukia, mama alitutazama kwa muda. Kisha akaita kuelekea sebuleni, "Baba, hebu njoo uangalie kama zimeiva."