Kibofu cha Baba

Baba alipokuja kwangu Igoma kutoka Sengerema, niliona hatulii. Chai hajaimaliza, anainuka kwenda chooni. Huko anakawia. Nikipita karibu na mlango namsikia akiguna, kisha matone machache, kisha kimya.

"Baba, unaumwa?"

"Uzee tu, mwanangu."

Asubuhi moja nikakuta sinki la choo lina damu. Nikamuuliza bila kuzunguka. Akatazama pembeni. Alisema hata utotoni alikojoa damu, yeye na wenzake waliokuwa wakioga lamboni. "Wazee walituambia ndiyo tunakuwa wanaume. Ikaisha yenyewe."

Hospitalini, daktari wa kike, bado kijana, alimwamkia shikamoo, akampaka mafuta ya baridi chini ya kitovu na kupitisha kifaa cha kupigia picha. Alitueleza kwamba kibofu ni mfuko wa misuli. Mkojo ukishuka kutoka kwenye figo, kinatanuka polepole. Kikijaa, kuta zinajikaza, njia ya chini inalegea, mkojo unatoka.

"Cha mzee hakitanuki tena. Mayai ya minyoo ya kichocho cha utotoni yalibaki ndani ya kuta, zimekuwa ngumu."

Akarudisha kifaa mahali palepale, akakikandamiza.

"Na hapa kuna kitu kimeota."

Walichukua kinyama wakakipima. Ilikuwa saratani. Kibofu chote kikaondolewa, na sasa mkojo wa baba unatoka kwenye tundu ubavuni mwa tumbo, unaingia kwenye mfuko wa plastiki uliobandikwa kwenye ngozi. Mwanzoni alikataa hata kuutazama. Siku hizi anaumwaga mwenyewe, mlango ameufunga, na hataki msaada.

Siku tuliyompeleka kutolewa nyuzi, daktari alinigeukia. "Na wewe dada, umekulia wapi?"

Nikamwambia: kulekule, nikipandikiza mpunga, maji yakinifika magotini.

Akanipa kikopo cha mkojo.

Mayai yalionekana. Nilimeza vidonge palepale, mbele ya nesi. Daktari alisema vinaua minyoo. Makovu yaliyokwisha kujengeka ni suala jingine, nirudi kupigwa picha.

Sijaenda bado. Nimepangiwa wiki ijayo. Tangu siku ile, kila nikibanwa na mkojo nasimama kwanza, nasikiliza chini ya kitovu, nikijiuliza kama nimebanwa mapema kuliko jana.