Mashine ya Mama Iliyokufa kwa Adabu

Enzi zetu sisi, jamani, adabu ilikuwa adabu. Mkubwa akikosea njia tulimpa shikamoo, tukamwacha aende zake akapotee. Vijana wa leo wanamsahihisha papo hapo, tena mkono mmoja uko kwenye simu. Ovyo kabisa!

Kwetu Matogoro mama alikuwa na mashine ya kusaga, na ndiyo iliyotulisha. Asubuhi wanawake walipanga madebe ya mahindi uani, sisi tukicheza rede katikati yao, unga umetujaa mpaka kwenye kope, pua zinagawana moshi wa dizeli na harufu ya dagaa wa Nyasa kutoka jikoni. Mashine ikinguruma, nyumba ina amani.

Mara injini ikaanza kugonga. Baba, fundi aliyesifika mpaka Peramiho, akaifungua yote, akaweka beringi mpya, akajiandaa kuifunga. Hatukuwa na vile vichupa vya mafuta maalumu ya kufungia injini anavyonunua mwanangu siku hizi. Baba alipaka oili safi, nzito, kwa kidole. "Injini inafia dakika ya kwanza," alizoea kutuambia, "kabla oili haijapanda."

Hapo akatokea mjomba, kaka mkubwa wa mama. Mjomba hakuwahi kufungua hata kufuli lenye kutu, lakini alikuwa mkubwa. "Mlamu, hiyo oili itachuruzika yote. Paka grisi. Shindilia kabisa!"

Baba alijua grisi ile ya magurudumu itaziba tundu za oili. Lakini shemeji mkubwa anabishiwa? "Sawa, mlamu," akasema, akapaka. Mama alisimama mlangoni, naye anajua, naye kimya, maana huyo ni kaka yake. Sisi watoto tukasifiwa kwa kutoingilia mazungumzo ya wakubwa.

Baba akapiga hendeli. Injini ikanguruma, mjomba akacheka, akaagiza togwa. Hajalimaliza, krrr! Ikakaza, haikuzunguka tena. Krenki, ule mhimili wa kuzungusha injini, iliharibika, na nyingine haikupatikana. Mjomba akatikisa kichwa: "Vyuma vya siku hizi!" Nasi tukaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mjomba." Tangu hapo mama akawa anaamka alfajiri kwenda kulima mashamba ya watu, na mahindi yetu wenyewe tukayatwanga kwa mikono.

Juzi mwanangu alikuwa anafunga injini uani kwangu. Mjomba, sasa mzee wa mkongojo, akamwambia apake grisi. Mtoto hata hakuinua uso. "Hapana babu, itaziba. Utaniulia injini."

Aibu niliyoisikia! Nikamfokea mbele ya watu: wewe, enzi zetu nani angethubutu kumjibu mzee hivyo?

Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage. Hakumtazama mjomba, alinitazama mimi.

"Mwache," akasema. "Mimi nilihitaji mmoja tu wa namna hiyo."