Piano Isiyotaka Upepo

Kila nikiingia nyumba iliyopigwa nta nyekundu ya sakafu, harufu yake hunisimamisha mlangoni. Mimi sasa ni bibi mwenye wajukuu, jamani, lakini harufu hiyo ikinifikia tu nakuwa tena yule mtoto wa kijiji cha Manga, huko Kisii, anayengoja kuitwa mtihanini.

Kanisani kwetu kulikuwa na kinanda cha kukanyaga kilichoachwa na wamishonari. Ukikanyaga pedeli zake mbili kwa zamu, upepo unajaa ndani na sauti inatoka. Ukiacha, kinakata roho. Mpigaji wake alikuwa Mwalimu Nyaboke, aliyenifundisha darasani pia, na ndiye aliyenichagua nijifunze. "Miguu kwanza, Kemunto, vidole baadaye," ndio ulikuwa wimbo wake. Nilikanyaga hadi miguu ikawa inatembea yenyewe usingizini, na dada yangu tuliyelala naye akahamia kwa nyanya.

Kisha Mwalimu akatangaza kwamba nitafanya mtihani wa kwanza wa piano mjini Kisii, mbele ya mtahini Mzungu kutoka Nairobi. Hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kuufanya. Baba, aliyeona muziki unanitoa kwenye shamba la chai, alisema mara moja tu: "Ukianguka, kinanda basi. Utarudi kuchuma majani kama wenzako." Hakuwa mtu wa kubadili neno.

Tangu hapo hofu ikahamia kwangu. Hata ndizi za Mama, nilizozoea kuzigombania, niliwaachia wenzangu. Nilichora vibao vya piano kwa makaa juu ya benchi la jikoni nikawa navigonga kimyakimya, huku nyanya akiuliza ni nani aliyemroga huyu mtoto. Siku ya Sabato, ambayo kwetu ni Jumamosi, hata hilo lilikatazwa, kwa kuwa nyimbo ni ibada lakini skeli, yale mazoezi ya kupanda na kushuka noti, ni kazi. Niliketi kanisani nimekalia mikono, nikiogopa vidole vitasahau kila kitu kufikia Jumapili.

Nilimwuliza Mwalimu piano ikoje. "Ni kama kinanda chetu," alisema, akikusanya vitabu vyake. "Ni kubwa zaidi tu."

Mtihani ulifanyiwa nyumbani kwa Mzungu mmoja, na sakafu iling'aa hadi nikaogopa kuikanyaga. Mwalimu alibaki nje ya mlango. Mtahini alikuwa mama mzee mwembamba, akaniashiria niketi, nikaanza. Noti ya kwanza ililia vizuri, halafu ikafifia chini ya kidole changu ingawa nilikuwa nimeikandamiza. Upepo umeisha! Nikafanya nilivyofunzwa, nikakanyaga pedeli kwa nguvu zangu zote, kushoto, kulia, kushoto. Sauti zikarukiana, zikawa ngurumo tupu. Nilidhani nimeipasua, nikazidi kukanyaga. Akilini nilimwona Baba, nikaliona na kapu la chai, na machozi yakadondoka kwenye vibao.

Mtahini akanishika goti, polepole.

"Hapana kanyaga," alisema kwa Kiswahili chao kile. "Hii hapana taka upepo. Wewe napiga ya kanisa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi. Miguu kaa chini. Anza tena."

Nikaanza tena, nikamaliza sijui vipi. Majibu yalipokuja nilikuwa nimeponea tundu la sindano. Baba alisema, "Haya," akaenda kukamua ng'ombe, na habari ya kuacha kinanda ikaishia hapo.

Lakini siku ile, mtahini alipotoka kunywa chai, Mwalimu Nyaboke aliingia chumbani. Alibonyeza kibao kimoja, akasikiliza mpaka sauti ikaisha, akaurudisha mkono haraka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilijua nimemwaibisha, na njia nzima ya kurudi sikuthubutu kumtazama. Yeye aliniuliza jambo moja tu: vibao vile ni vyepesi au vizito? Nikamwambia ni vizito.

Nilikuwa mtu mzima, nafundisha muziki watoto wa wengine, siku swali lile liliponirudia nikiwa naosha vyombo, ikabidi niketi. Anayeijua piano haulizi hivyo. Mwalimu wangu hakuwa ameigusa hata siku moja kabla ya ile. Alisimama nyuma ya ule mlango akisikia ngurumo yangu, akijua kosa ni lake, na hakujua ni kosa gani.