Ama Baada ya Salamu

Kila asubuhi hofu ilikuwa inaamka kabla yake. Alikuwa hajafungua macho sawasawa, mkono umeshaifikia simu.  Hakuwa anaifungua. Aliigeuza kifudifudi juu ya shuka, kisha akaenda kuoga, na hata chini ya maji alihisi kwamba kule chumbani kuna kitu kinachoendelea kujaa.

"Hiyo simu ina nyoka?" mumewe alimuuliza mezani asubuhi ile. Mumewe alikuwa seremala. Yeye kazi yake ikiisha, mlango unasimama pale, unafunguka na kufungika, na kila mtu anaona kwamba imeisha.

"Ina barua za ofisini."

"Si uzisome, mama?"

"Nikisoma moja, zinaingia nne."

"Basi hizo si barua, ni siafu." Alicheka, akamalizia chai yake, akaondoka na msumeno.

Yeye hakucheka. Alibaki akiitazama ile simu, mgongo wake mweusi ukiwa juu, na alifikiri jinsi siafu wanavyoingia nyumbani kimya kimya, mtu akiwa amelala.

Kampuni aliyofanyia kazi ilikuwa inasimamia nyumba za kupanga, maghorofa ya zamani kwa mapya, kila moja na msimamizi wake anayeishi humo humo. Ilikuwa na anwani moja tu ya barua pepe. Mpangaji aliyevujiwa na paa, fundi aliyetaka vifaa, muuzaji wa rangi, wakili, jirani mwenye kelele, wote waliandika hapo. Na nyuma ya anwani hiyo hapakuwa na idara wala kikosi. Alikuwepo yeye, kiti chake chenye gurudumu moja bovu, na dirisha linalotazama ukuta.

Wenzake walimwita Dada Nakala. Jina hilo lilikuja baada ya mtunza stoo mmoja kufukuzwa kwa kosa la "kutowajulisha wahusika." Tangu siku ile ofisi nzima ilishikwa na ugonjwa wa kujulisha. Hakuna aliyetuma neno kwa mtu mmoja. Kila ujumbe ulipelekwa kwa kumi, na mwishoni akawekwa yeye, ili siku mambo yakiharibika mtu aweze kusema: mbona Dada alipata nakala?

"Wewe ndiye bima yetu," mhasibu alikuwa anamtania. "Tukizama, tunazama na wewe shingoni."

Wakati hali ilipoanza kumshinda, alifanya jambo ambalo lilionekana la busara. Aliandika jibu ambalo kompyuta ingelituma yenyewe kwa kila anayeandika. Alilitunga kwa mapenzi, kwa sababu shuleni alikuwa anasifiwa kwa insha, na kwa sababu aliwaonea haya wale wote aliokuwa hawajibu. Lilisema: *Mpendwa, tumeupokea ujumbe wako kwa heshima. Tunathamini kila neno uliloliandika. Suala lako linashughulikiwa. Tafadhali kuwa na amani.* Meneja alilipenda mno, akalisoma kwa sauti mbele ya mkutano, na watu wakapiga makofi.

Watu walioandika walitulia, na kwa muda na yeye alitulia. Lakini barua hazikupungua. Zilihesabiwa kwa tarakimu nyekundu pembeni mwa skrini, na tarakimu ile ikawa inapanda hata akiwa ameitazama, kama maji kwenye ngazi za nyumba iliyofurika.

Kati ya walioandika sana, wa kwanza alikuwa msimamizi wa ghorofa moja la zamani nyuma ya soko, mzee aliyestaafu ukarani. Ofisini walimwita Mzee Salamu. Barua pepe yeye aliifanya barua kamili. Alianza kwa kumsalimu, akaulizia afya yake, ya mume, ya wazazi kama wako hai, akaeleza kwamba yeye hajambo ila magoti, kwamba mvua imenyesha au haijanyesha, ndipo aandike *ama baada ya salamu*, na hapo tena akazunguka kidogo, kwa sababu mtu mwenye adabu haingii nyumba ya mwenzake na shida mkononi kama panga. Shida aliiweka chini kabisa, karibu na sahihi yake.

Na kompyuta ilikuwa inaonyesha mistari miwili tu ya mwanzo. Dada Nakala alipopitisha macho juu ya sanduku lake, akiwinda maneno kama *haraka* na *moto* na *mahakama*, kwa mzee yule aliona yale yale: *Mpendwa binti yangu, nakusalimu sana, natumai huu utakukuta mzima...* Alitabasamu, akamwacha kwa siku atakayokuwa na nafasi. Ilikuwa ndiyo barua pekee isiyomtisha.

Siku ile alipofika ofisini alimkuta fundi wa kompyuta amekalia kiti chake, amekunja nne.

"Dada, sanduku lako limejaa mpaka kooni. Limefunga. Tangu wiki iliyopita ukiandikiwa, barua inarudi ilikotoka."

Alipaswa kufurahi. Wiki nzima tarakimu ile ilikuwa imesimama, akadhani watu wamemhurumia. "Sasa?"

"Sasa futa. Chagua zote, bonyeza hapa, kwisha habari. Mwenye shida ya kweli atarudi."

"Na kama kuna ya muhimu?"

"Ya muhimu kwa nani? Ya muhimu inakuja na miguu yake, Dada." Akainuka, akampisha. "Utamu wa kufuta hujaujua bado."

Alizipanga barua kwa majina ya waliotuma ili azifute kwa mafungu. Mkono ulikuwa mwepesi. Mafungu mawili yaliondoka na kweli alihisi kifua kinafunguka. La tatu lilikuwa la Mzee Salamu, refu kuliko yote, salamu juu ya salamu mpaka chini ya skrini. Aliona aibu kumfuta mzee hivi hivi. Akafungua moja, ya zamani kidogo, asome angalau hiyo kwa heshima. Alishuka nayo: afya, magoti, mvua, ama baada ya salamu. Chini kabisa:

*Mwisho, ule mguu wa chuma unaobeba tangi la maji huko juu ya paa umekula kutu. Naweza kuingiza kidole.*

Alifungua inayofuata, akaruka moja kwa moja mwisho. *Namshukuru Mungu kwa jibu lako zuri. Sasa vinaingia viwili, vidole namaanisha.* Akafungua nyingine. *Usiku nasikia tangi linalia, kama mlango wa mbao. Lakini nina jibu lako.*  Akaenda kwenye ya mwisho kabisa, ile iliyowahi kuingia kabla sanduku halijafunga.

*Wazazi wa watoto wa chekechea iliyo hapa chini wamekuja kuniuliza, maana uwanja wao wa kuchezea uko upande huo huo wa tangi. Nimewaonyesha majibu yako yote, nimewaambia ofisi inashughulikia, wawe na amani. Wamekubali. Watoto wanaendelea kucheza.*

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Kwa wiki nzima mzee angeweza kuwa ameandika kila siku, na kila siku barua ikamrudia mkononi. Kile Dada Nakala alichokidhani ni utulivu kilikuwa mlango uliofungwa, na mtu anagonga nje.

Alipiga simu ya mzee. Haipatikani. Alipiga tena. Sauti ya mwanamke asiyekuwepo ikamwambia ajaribu baadaye.

Akafungua ukurasa mpya kumwandikia meneja, na vidole vyenyewe vikaanza: *Kwa heshima na taadhima, napenda kuchukua fursa hii kukujulisha kwamba...* Akasimama. Alitazama mstari ule mzuri, uliopigwa pasi, na akaona kwamba hata yeye amelisukuma tangi chini ya ukurasa. Akafuta. Akaandika: *Tangi la ghorofa la nyuma ya soko linaweza kuangukia watoto leo. Tuliandikiwa mara nyingi. Sikusoma.* Neno lile la mwisho lilimchukua muda. Akautuma ujumbe kwa wote.

Ofisi nzima ililia *ting*. Kwenye meza ya mhasibu, *ting*. Kwa wakili, kwa watu wa masoko, nyuma ya mlango wa meneja, *ting, ting*. Hakuna aliyeinua kichwa. Mhasibu alikuwa anamenya chungwa. Dada Nakala aliona jina lake likitokea kwenye skrini ya jirani yake, na mkono wa jirani ukalisukumia pembeni bila kulisoma, kwa ile ile namna ambayo mkono wake mwenyewe umekuwa ukifanya.

Hapo hofu ilibadilika. Ile ya siku zote ilimbana kwenye kiti, hii ilimnyanyua. Aliufungua mlango wa meneja bila kubisha.

"Dada, niko na wageni."

"Bosi, kuna tangi linaanguka."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Basi nitasoma, nikimaliza hapa."

"Hutasoma, bosi. Mimi sikusoma, na wewe hutasoma. Nipe dereva, na mpigie fundi wa vyuma sasa hivi, kwa mdomo."

Hakuwahi kuongea naye hivyo. Wageni walitazama viatu vyao. Meneja alimtazama uso wake, na chochote alichokiona huko kilimfanya aiokote simu ya mezani.

Njiani alikaa mbele, karibu na dereva. Kila walipozuiwa na magari aliona picha ile ile, na kila ikirudi ilikuwa na kitu kipya ndani yake: kiatu kidogo, kamba ya kurukia. Dereva alianza kumtania kama kawaida yake, akamtazama, akaongeza mwendo.

Walilisikia jengo kabla ya kuliona, kwa sababu ya watoto. Ilikuwa saa yao ya kucheza. Tangi lilikuwa juu yao, jeusi, limeinamisha kichwa kidogo upande wa uwanja, kama mtu anayechungulia. Mzee alikuwa chini yake, ameketi kwenye kigoda na ufagio mapajani, anawalinda watoto wasipande ukuta.

"Oo, karibu! Wewe ndiye..." Alimjua kwa kitambulisho shingoni. Akainuka kwa shida, akavua kofia, uso umechanua. "Binti yangu! Hatimaye! Habari za huko, wazee hawajam..."

"Watoe watoto, mzee."

Hakumwamkia. Maisha yake yote hakuwahi kumfanyia hivyo mtu mwenye mvi. Aliiona furaha ikizimika usoni mwa mzee, mahali pake pakaja mshangao, halafu kitu kama maumivu. Lakini alikuwa ameshampita, amewashika wawili mikono, anamfokea mwalimu, anasukuma migongo midogo iliyodhani ni mchezo na kucheka. Waliingizwa wote darasa la upande wa barabara. Mmoja alirudi mbio kuchukua mpira. Alimfuata, akambeba na mpira wake, na katika hatua zile chache alisikia juu yake ule mlio, taratibu, mlango wa mbao unaofunguliwa na mtu asiye na haraka.

Fundi wa vyuma alikuwa bado yuko njiani. Kwa simu alisema msipande, msiguse. Lipunguzeni uzito tu, zimeni pampu, fungueni maji yote.

Wakapanda ghorofa kwa ghorofa, yeye na mzee, wakigonga. "Fungua bomba, mama. Lote. Acha limwagike." Jikoni, bafuni, nyumba za watu wasiowajua. Maji yakaanza kusikika ndani ya kuta. Kwenye ngazi ya tatu mzee alishika ukuta kupumzisha magoti.

"Nilikuandikia mara nyingi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na ulinijibu mara zote, mpaka wiki hii barua zilipoanza kurudi. Kila usiku ulinijibu, hata sikukuu. Nilimwambia mke wangu, yule binti halali." Alimtazama. "Sasa, nani alikuwa ananijibu?"

Angeweza kusema mengi. Alikuwa hodari wa maneno. "Hakuna mtu, baba. Ilikuwa mashine."

Mzee aliuachia ukuta. Alivaa kofia yake, akapanda ngazi, akagonga mlango uliofuata, na kwa milango yote iliyobaki alikuwa anatangulia yeye, bila kumtazama.

Fundi alipofika maji yalikuwa yamebaki robo. Alipanda na kamba kiunoni, wakamwona ameinama, ameugusa mguu ule kwa nyundo, mguso mwepesi wa kubisha hodi. Nyundo ikazama. Akaushikiza na vyuma alivyokuja navyo, akashuka, akaketi chini, akaomba maji ya kunywa.

"Lingeanguka leo hii hii," alisema tu, akifuta uso. Baadaye akauliza, "Mna majengo mengine yenye matangi kama haya?"

"Tunayo."

"Mangapi? Yana hali gani?"

Dada Nakala alianza kuyahesabu kwa vidole. Wasimamizi wote walikuwa watu wazima, watu wa adabu zao. Aliona salamu zao zimepangana gizani, fungu baada ya fungu, na akakumbuka yale mafungu mawili aliyokwisha kuyafuta asubuhi, jinsi kifua kilivyofunguka.

"Sijui," alisema. Alikuwa tayari anampigia fundi wa kompyuta, amwombe asiguse kitu, amuulize kama kilichofutwa kinaweza kurudi. Simu ikaita, ikaita. Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba darasani, na mabomba ya jengo zima yalikuwa bado yanamwaga.