Mbegu ya Moshi na Mbegu ya Chupa ya Chai

Ng'ombe wangu alikuwa mrembo asiye na kazi. Baba alinipa nilipoolewa, akaletwa kutoka Chimala kwa lori la mpunga hadi kwa wakwe zangu Iringa, na tangu siku ile alikula, akanenepa, akapandwa na madume mawili ya jirani, asishike mimba. Mama mkwe akatamka mbele ya watu wote: asiposhika safari hii, atakuwa kitoweo cha harusi ya shemeji yangu. Nililia siku nzima. Nilimpenda yule ng'ombe kuliko shemeji.

Miaka ile ya sabini bwana mifugo ndiyo kwanza ameanza kupandisha ng'ombe bila dume. Siku moja alifika kwetu na vyombo viwili. Kimoja ni chupa ya chai, ndani yake mbegu za dume zilizopozwa kwa barafu, za kutumika upesi kabla hazijaharibika. Cha pili ni mtungi mzito. Alipoufungua, moshi mweupe wa baridi ukatambaa miguuni mwetu. Humo, alisema, mbegu zimegandishwa kabisa na zinaweza kukaa miaka.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Sakitu ya alfajiri, ule umande unaoganda kwa baridi, iliwahi kumuunguzia shamba zima la viazi, sasa nani amdanganye kwamba kilichoganda kinaota? Akachagua chupa ya chai kwa ng'ombe wake. Wangu, kwa kuwa ni wa kuchinjwa tu, akaachiwa maiti za mtungini.

Basi tukaanza kuviziana. Mimi nachungulia ng'ombe wake, yeye anachungulia wangu, kila mmoja akijifanya anafuata kuni. Wiki ya tatu, akinamama wa kwaya wakiwa wamekuja kumsalimia, ng'ombe wake akaanza kulia na kuwapanda wenzake bila haya, dalili kwamba hakushika kitu. Wangu alikuwa anacheua, ametulia kama mke wa mchungaji. Nilikimbilia jikoni kucheka.

Bwana mifugo aliporudi baada ya miezi mitatu, alieleza kwamba siku ile alikwama matopeni na barafu ya chupa ikayeyuka njiani. Kisha akavua shati, akamwingiza ng'ombe wangu mkono mpaka begani. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeshika mkia.

"Ana mimba," akasema.

Mama mkwe alinawa mikono, akamfuata shemeji aliyekuwa uani anachonga mpini wa jembe.

"Tafuta mbuzi wa harusi yako," akamwambia. "Huyu ng'ombe ni wa mwenzangu, na ana mimba."

Mwenzangu! Tangu niolewe hakuwahi kuniita zaidi ya mke wa mwanangu. Nilizunguka nyuma ya zizi nikacheza peke yangu, matope mpaka magotini, na sikujali nani ananiona.