Waya Uliojaa Katikati ya Sala

Hadi leo nikipita ofisi ya Mama Wakesho natazama chini.

Mimi ni fundi wa mtandao katika chuo kimoja hapa Voi. Swichi zetu mbili, vile visanduku vinavyogawa mtandao, zimeunganishwa kwa nyaya nne zinazosaidiana mzigo. Asubuhi hiyo grafu ilionyesha waya mmoja umejaa pomoni, na zile tatu karibu tupu. Kompyuta moja ikivuta kitu kizito, mzigo wake wote hupita waya mmoja. Ningeangalia tu ni ya nani. Lakini nilijua Mama Wakesho, karani wa masjala, anapenda sinema, nikaona nimeshamaliza kazi.

Ilikuwa zamu yangu kuongoza ibada ya wafanyakazi, ambayo huwa tunaifanya kwenye maabara ya kompyuta. Tukafumba macho, nami nikaomba kwa sauti, "Bwana, mguse dada yetu wa masjala, anayemaliza mtandao wa wote kwa sinema."

Nikasikia mtu analia.

"Hebu ngoja, fundi," mkuu wa chuo akanikatiza. "Tuonyeshe kwanza."

Nikawasha projekta kwa madaha, nikafungua orodha ya kompyuta zinazojaza waya ule. Ilikuwa moja tu. Yangu. Nikaifunga haraka, na nyuma yake ukutani ikatokea kazi niliyoiacha tangu jana na kuisahau: "Inanakili: Video ya harusi ya dada, kijijini Mghange, sehemu ya tisa."

Mama Wakesho akafuta machozi, akasoma polepole mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "sala hujaifunga. Endelea, tumwombee huyo."